Mstari Nilioutoa kwenye Tangazo la Mama Argia

Msomaji mmoja ameniandikia barua kupitia gazeti hili, akaniita nyoka. Mwandiko wake ni mzuri na barua haina hata kosa moja, kwa hiyo nimeisoma mara mbili. Sikupata pa kumpinga.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mambo yako hivi. Mimi ni Quinto Morandini wa Lugo, umri wangu miaka sabini na minane. Tangu nikiwa na miaka kumi na minne nilipanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha Bwana Amleto Savorani. Elimu yangu niliipata jioni baada ya kazi, kwenye madawati ya watoto yaliyonibana magoti. Mjini kwetu wananiita Maestro, yaani fundi bingwa, na sijawahi kumkataza mtu.

Kwa siku tatu nilikuwa nikiwaendesha mtu na dada yake, Iole na Delfina Zanotti. Tulikuwa tunaizunguka miji saba iliyokuwa kwenye kadi za picha ambazo marehemu mama yao, Argia, alizibandika juu ya sinki la jikoni. Mama huyo alipalilia mpunga wa watu maisha yake yote, na hakufika hata mji mmoja kati ya hiyo saba.

Iole, aliyekanda tambi maisha yake yote, ana miaka themanini. Jumatatu alitakiwa kupasuliwa moyo Bologna. Kabla ya kisu alitaka kuiona miji ya mama yake pamoja na mdogo wake, ambaye hakuwa amesemezana naye kwa miaka arobaini na mitatu.

Na waliacha kusemezana kwa sababu yangu. Hilo nililikiri hapahapa gazetini wiki iliyopita, na ndilo lililoniletea barua ya nyoka.

Mwaka 1981, Mama Argia alipofariki, Iole aliniletea maneno ya tangazo la msiba, lile la kubandikwa kwenye kuta za mji. Nilichapa thelathini, safi, yenye majina ya watoto wote wawili. Kisha nikautoa mstari wenye jina la Delfina, nikachapa moja la thelathini na moja, na nikaenda kulibandika mwenyewe kwenye ukuta unaotazamana na stesheni ya treni. Delfina alikuwa mwalimu Torino. Nilijua angeshukia pale.

Miezi minne nyuma nilikuwa nimemposa. Alinijibu kwa upole kabisa: "Quinto, wewe hunitaki mimi. Unataka cheti changu ukitundike sebuleni kwako."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli.

Nilitaka aumie dakika tano. Basi. Dakika tano, halafu afike nyumbani, amuulize dada yake, na mimi niseme ni kosa la mtambo. Lakini Delfina hakufika nyumbani. Hakuja mazikoni. Hakuja tena Lugo.

Sasa twende Urbino.

*

Tuliondoka Ravenna Ijumaa asubuhi. Iole alikaa mbele na kikapu chake mapajani, Delfina nyuma na kitabu. Walikuwa wanasafiri pamoja, ndiyo, lakini maneno yao yote yalipitia kwangu kama barua zinavyopita posta.

"Quinto, mwambie mwalimu afunge dirisha."

"Quinto, mwambie fundi wa tambi kwamba hewa haijaua mtu."

"Mwambie mimi ndiye nitakayepasuliwa Jumatatu, si yeye."

Dirisha likafungwa.

Baada ya muda Iole alifunua kikapu. Akanipa yai la kuchemsha, akachukua lake, kisha akabaki na la tatu mkononi. Akalitazama.

"Quinto, muulize kama bado hali kiini."

"Mwambie bado," sauti ikatoka nyuma.

Iole akalimenya, akakitoa kiini akakila mwenyewe, na ule weupe akaupitisha nyuma juu ya bega lake bila kugeuka. Delfina akaupokea. 

Mimi nilikaza macho barabarani. Kwa miaka ishirini, tangu tulipofiwa wote wawili na wenzi wetu, Iole amenipikia kila Jumapili. Amekuwa akiniwekea sahani mezani kabla sijabisha hodi. Mkono ule uliokuwa unamenya yai ndio uliokuwa unanilisha, nami kila Jumapili nilimeza chakula pamoja na siri yangu na kuomba niongezewe.

Urbino magari ya wageni hayaingii ndani. Niliacha gari chini ya kuta, funguo nikatia mfukoni, tukapanda lifti, halafu tukatembea. Njia zake zinapanda kama ngazi. Iole alisimama kila hatua thelathini, mkono kifuani.

"Naangalia mandhari," alisema.

Mbele yetu palikuwa na ukuta mtupu.

Ukuta huo, tulipousogelea, ulikuwa na matangazo ya msiba. Matatu, yamebandikwa sambamba. Watu wa kwetu hatuwezi kuyapita bila kuyasoma, hata kama mji si wetu na hatumjui marehemu. Tukasimama wote watatu.

"Miaka tisini na sita," Iole alisoma. "Ameshiba huyo."

"Watoto watano, wajukuu kumi na mmoja," Delfina alisoma. "Na majirani wa orofa ya pili. Hata majirani wametajwa."

Alisema neno hilo la mwisho kwa namna ambayo ilinifanya nitafute pa kwenda.

"Quinto," Iole akasema, "mwambie kutajwa si kazi. Kazi ni kuja."

"Quinto, muulize nije kwenye msiba wa nani, kama mimi si mtoto wa marehemu?"

"Mwambie aache kuongea mafumbo kama yuko darasani!"

"Mafumbo?" Delfina hakunihitaji tena. Alimgeukia dada yake uso kwa uso, mara ya kwanza kwa siku tatu. "Mafumbo, Iole? Subiri."

Akafungua mkoba. Ndani ya kitabu chake, katikati ya kurasa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya manjano, yenye ukingo mweusi pembeni. Akaikunjua akaishikilia ukutani, kando ya wale marehemu wa Urbino.

Niliifahamu kabla hajaifungua nusu. Mtu huifahamu kazi ya mkono wake.

"Soma," alisema. "Soma kwa sauti. Wewe uliyeandika."

Iole akavaa miwani. "Ametutoka Argia Zanotti... Kwa majonzi wanatangaza mwanawe Iole, na mkwewe..."  Akarudi juu, akasoma tena. "Wewe uko wapi?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza mwaka ule."

"Hukuja!"

"Nilikuja! Nilishuka kwenye treni ya saa nne asubuhi, na koti jeusi la kuazima. Nikatoka stesheni, nikaliona hili ukutani. Gundi ilikuwa bado mbichi, Iole. Nililibandua likatoka lote kama ngozi ya maziwa. Nikakaa kwenye benchi. Nikasema, kama dada yangu amenifuta mbele ya mji mzima, nitaingia kwenye nyumba ile kama nani? Nikapanda treni iliyofuata."

Iole alishika ukuta.

"Mimi nilisimama mlangoni mwa kanisa," alisema. "Padri aliniambia mara tatu, tuanze. Nikamwambia mdogo wangu yuko njiani. Jeneza lilikaa uani robo saa likikungoja wewe. Na jina lako nililiandika kwa mkono wangu! Lilikuwepo kanisani, lilikuwepo kwa muuza mkate, lilikuwepo kwenye lango la soko. Nililiona kwa macho haya."

"Basi hili ni nini?"

Wakanigeukia pamoja.

"Quinto," Iole akasema taratibu, "wewe ulikuwa pale kiwandani. Hili ni nini?"

Msomaji, hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mtu mwenye moyo angepita. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: ni mimi niliyefanya. Nilifungua kinywa.

"Bwana Amleto," nilisema. "Macho yake yalikuwa yamekwisha siku zile. Itakuwa mstari ulichomoka kwenye mtambo, karatasi ya mwisho, naye hakuona."

Bwana Amleto Savorani amelala makaburini Lugo tangu mwaka 1990. Alinipa kazi nikiwa na kaptura. Aliniruhusu kutoka nusu saa mapema ili niwahi shule ya jioni, na hakunikata mshahara. Na macho yake yalikuwa mabovu, hilo ni kweli. Ndiyo maana uongo wangu ulisimama vizuri.

"Karatasi moja," Delfina alisema. "Karatasi moja ya kipofu."

Iole akaanza kucheka. Kisha hakuwa anacheka. Delfina akamshika kiwiko, Iole akamshika bega, wakasimama hivyo katikati ya njia, vikongwe wawili na kikapu, wakiwazuia watu kupita.

"Mjinga wewe," Iole alisema. "Ungebisha mlango tu. Ungenitukana."

"Nilikuwa nakuogopa. Nakuogopa mpaka leo."

"Na mayai ulikuwa unakula na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Viini nilitupa."

Nilisimama kando. Niseme kweli, kwa muda mfupi nilijisifu. Nilijiambia: tazama, wamepatana, na Jumatatu Iole ataingia chumba cha upasuaji akiwa mwepesi. Ukweli ungefanya nini zaidi ya hapo? Aliyesingiziwa ni marehemu, na marehemu haumii.

Nilijiambia hivyo. Lakini nilikuwa nimejificha nyuma ya mtu ambaye siku moja alinivalisha koti lake mwenyewe kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa na mtihani.

*

Mambo yangeishia hapo kama Delfina hangeona mlango.

Ulikuwa hatua chache mbele ya ukuta ule. Karakana ya uchapaji wa zamani. Ndani mtambo wa chuma, makabati ya herufi, harufu ya wino ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka kumi na minane. Miguu yangu ilitaka kuingia na kukimbia kwa wakati mmoja.

"Tulichape upya," Delfina alisema. "Leo. La kumbukumbu ya mama. Majina yote mawili. Na Quinto apange kwa mkono, kama zamani. Eti, dada?"

Dada! Iole aliposikia neno hilo angekubali hata kuchapa kitabu.

Mwenye karakana alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mikono imejaa wino hadi kwenye viwiko, anaitwa Loredana. Alisikiliza kisa chote, akatikisa kichwa, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mzee alikuwa mpanga herufi? Karibu nyumbani, babu. Kabati la herufi za mbao ni lile. Ila ukichanganya herufi zangu tutagombana."

"Huyu hachanganyi," Iole alisema kwa fahari, kama anayemsifia mwanawe. "Huyu ni Maestro."

Delfina akaliweka tangazo la zamani juu ya meza. Loredana akavuta taa.

"Hiki ndicho kipofu wenu alichofanya?"

"Ndicho," Delfina alisema. "Miaka arobaini na mitatu kwa sababu mzee mmoja hakuvaa miwani."

"Mungu amsamehe," Iole alisema. "Alikuwa anapenda mvinyo pia, nakumbuka."

Hakuwa anapenda mvinyo. Bwana Amleto alikunywa maji na limau. 

"Hawa wa zamani," Loredana akasema huku anachukua kitambaa kufuta mikono, "watu wanawasifu tu. Wengi walikuwa wababaishaji. Hebu ona, kazi ya kulipua. Kazi mbovu."

Nimejaribu kujielezea mwenyewe kilichotokea baada ya hapo, na sielewi vizuri. Ningeweza kuvumilia kuitwa mwongo. Nimeishi nalo. Lakini hakuna mtu, kwa miaka arobaini na sita ya kazi yangu, aliyewahi kusimama mbele ya karatasi niliyoipanga akasema ni mbovu.

"Mbovu?" nilisema. "Mbovu wapi?"

"Babu, mstari mzima umeanguka..."

"Haukuanguka! Mstari ukianguka unaacha shimo. Liko wapi shimo? Nionyeshe!" Kidole changu kilikuwa tayari juu ya karatasi. "Tazama hapa, kati ya Iole na mkwe. Na hapa. Na hapa chini, juu ya saa ya mazishi. Nafasi ni sawasawa. Huwezi kupata nafasi sawa hivi kwa bahati. Ni lazima utoe mstari, uchukue vile vipande vyembamba vya risasi vinavyotenganisha mistari, uvigawe juu na chini, kimoja kimoja, mpaka jicho lisione kitu kimetoka. Hii si kazi ya kulipua, mama. Hii imechukua nusu saa. Mtu alipima!"

 Nilikuwa, Mungu anisamehe, natabasamu.

 Loredana alichukua rula ya chuma, akapima sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaweka rula chini.

"Kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimekosea. Ni kazi safi mno." Akawaangalia wale dada. "Poleni. Hii si kusahau. Jina hili lilitolewa."

Nje, kengele ya kanisa ililia. Nilihesabu, ili nisifikiri.

"Na kipofu," Delfina alisema, "anapimaje?"

Iole akavua miwani.

"Quinto." Hiyo ilikuwa sauti ya Iole, ileile anayonitumia kuniuliza kama tambi zina chumvi. "Bwana Amleto alikuwa haoni. Umesema mwenyewe. Nani alikuwa anampangia herufi?"

"Iole..."

"Na hili lilibandikwa pale stesheni asubuhi ileile, gundi mbichi. Nilikuwa dirishani, kando ya jeneza la mama. Nilikuona unapita na baiskeli. Ndoo ya gundi ilikuwa ya nani, Quinto?"

Mji mzima wa Lugo uliijua ndoo ile. Ilikuwa ya bluu, na mpini wake niliufunga waya mwenyewe.

"Yangu," nilisema.

Nikawaambia. Nikawaambia la cheti cha kutundika sebuleni, la karatasi ya thelathini na moja, la dakika tano. Nilisema kwamba Bwana Amleto hakujua kitu na hakuonja mvinyo maisha yake. Niliongea nikiangalia kabati la herufi, kwa sababu kabati halikunitazama.

Nilipomaliza, Delfina alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alionekana mdogo.

"Nilikukataa kwa sentensi mbili," alisema. "Na wewe ukanijibu kwa miaka arobaini na mitatu."

"Delfina, mimi..."

"Nyamaza. Unaongea vizuri sana. Ulikuwa unaongea vizuri tangu zamani."

Nilimgeukia Iole. Nilitegemea machozi, na nilikuwa tayari kwa machozi. Alikuwa anafunga kikapu chake, anakunja kitambaa pembe kwa pembe.

"Jumapili ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Umekula kwangu Jumapili ngapi? Wewe ni msomi, piga hesabu."

Sikuweza.

"Mimi nilikuwa nakuwekea ile sahani ya mwisho, ya chini ya sufuria, yenye mchuzi mzito," alisema. "Nilikuwa namnyima mwanangu." Kisha akamgeukia Loredana kama mteja yeyote. "Mama, lile tangazo tulilotaka, bado tunalitaka. Lakini tunataka na lingine. Karatasi thelathini na moja."

"Liseme nini?"

"Yeye anajua liseme nini. Alichofanya, kwa nani, mwaka gani. Na jina lake chini, lote, kwa herufi kubwa kama la marehemu. Atapanga mwenyewe. Atabandika mwenyewe. Kanisani, kwa muuza mkate, lango la soko. Na moja stesheni."

"Iole," nilisema, "watu wa Lugo..."

"Ndiyo. Watu wa Lugo. Wale wanaokuita Maestro."

Delfina alimshika mkono. "Dada, taratibu. Moyo."

"Moyo wangu utangoja. Jumatatu saa moja asubuhi wananitaka Bologna. Kabla ya hapo nataka kulisoma ukutani. Nisipoliona, siendi. Wampasue mwingine."

"Usiseme hivyo!" Delfina na mimi tulisema pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza tuliloafikiana tangu mwaka 1981.

"Nimeshasema."

Akakaa kwenye kigoda kando ya mdogo wake. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na midomo imeanza kubadilika rangi. Delfina alitafuta vidonge ndani ya kikapu kwa mikono miwili.

Loredana alinisogelea. Hakuniita babu tena. Alifungua droo ya herufi kubwa za mbao, zile za majina ya marehemu, akachagua moja, akaipuliza vumbi na kuniwekea kiganjani.

"Herufi Q ninayo moja tu," alisema. "Usiiangushe."

Ilikuwa nyepesi. Nilikuwa nimesahau jinsi mbao zinavyokuwa nyepesi.

Nyuma yangu wale dada walikuwa wameinamiana juu ya kikombe cha maji, hawanitazami. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kwenye njia inayoteremka, na mfukoni mwangu, kila nilipojisogeza, funguo za gari zililia kana kwamba zinaniita nikimbie.